Gari Dogo na Vyumba, au Gari la Kulalia? Ulinganisho wa Gharama za Kuzunguka Nchi ya Kigeni kwa Gari la Kukodi

Msafiri mwenye mfuko mwembamba anayetaka kuzunguka nchi ya kigeni kwa gari la kukodi huanza, karibu kila mara, kwa kutafuta bei ya chini kabisa ya siku moja. Nami nilianza hivyo hivyo. Safari zilizofuata zimenifunza kwamba bei hiyo ya siku ndiyo inayosema machache kuliko tarakimu zote, kwa kuwa fedha nyingi hutoka kupitia maamuzi ambayo hayaonekani pale gari linapochaguliwa: mahali pa kulala, aina ya bima, mji wa kulichukulia na kulirudishia gari, na barabara zitakazopitwa. Kwa hiyo katika ulinganisho huu kila njia imepimwa kwa jumla ya fedha zinazotoka tangu ufunguo unapopokelewa hadi unapokabidhiwa tena, na pale ambapo nina upande ninaoupendelea nitausema wazi pamoja na sababu zake.

Kulala ndani ya gari au nje yake

Gari la kulalia huvutia kwa hoja iliyo nyepesi kueleweka: kitanda na usafiri hulipiwa pamoja, na jiko dogo la nyuma humwepusha msafiri na gharama za mikahawa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini haina budi kupigiwa hesabu kabla ya kuaminiwa. Gari dogo la abiria hutumia takriban lita 6 za mafuta kwa kilomita 100, ilhali gari la kulalia lenye bodi refu na paa la juu hufika lita 11 au 12. Katika safari ya kilomita 2,000, la kwanza litakunywa lita 120 na la pili lita 220 hadi 240. Tofauti hiyo inatosha kujaza tangi la gari dogo zaidi ya mara mbili. Juu ya hapo, vivuko vingi hutoza kwa urefu wa gari, na wakati mwingine kwa kimo chake, na majengo mengi ya maegesho mijini yana bomba la chuma mlangoni linalozuia gari lolote linalozidi kimo cha mita 2 au zaidi kidogo, hivyo mwenye gari refu huegesha mbali na kupanda basi kuingia katikati ya mji.

Hesabu inayosahaulika zaidi ni ya usiku wenyewe. Wengi hudhani kwamba ukiwa na kitanda ndani ya gari unaweza kusimama popote penye mandhari nzuri ukalala bure. Katika nchi nyingi sivyo. Haki ya umma ya kutembea na kulala porini, inayosifiwa sana nchini Norwe na Uswidi, ni ya mtu wa miguu na hema lake, wala haimpi dereva ruhusa ya kuingiza gari porini. Iceland inawataka wenye magari ya kulalia wakalale kwenye kambi zilizotengwa, na Kroatia imekataza kabisa kulala nje ya kambi. New Zealand ina sheria ya mwaka 2011 inayoruhusu kulala huru katika maeneo kadhaa, lakini sehemu nyingi kati ya hizo hupokea tu gari lenye cheti kwamba linajitosheleza kwa choo, maji na uhifadhi wa majitaka, na magari ya kulalia ya bei nafuu zaidi mara nyingi hayana cheti hicho. Matokeo yake ni kwamba aliyekodi gari hilo ili asilipe malazi hujikuta akilipia kambi kila jioni, huku akiwa ameshalipa zaidi kwa gari na kwa mafuta.

Upande wa pili, gari dogo na vyumba vya kupanga lina gharama inayopanda na kushuka kwa msimu. Nje ya msimu wa wageni vyumba hupatikana kwa bei ya chini hata siku ile ile ya kulala, na hapo gari dogo hushinda bila ubishi. Katika kilele cha msimu, hasa visiwani na kwenye miji midogo yenye hoteli chache, chumba kimoja kinaweza kugharimu kuliko gari lenyewe, na anayelazimika kulala kilomita 80 mbali na njia yake ili kupata bei nafuu huzirudisha fedha hizo kwa mafuta na kwa saa za kuendesha.

Ipo njia ya tatu ambayo haipewi nafasi inayostahili, nayo ni gari dogo pamoja na hema. Hema la watu wawili, magodoro mawili ya kujaza hewa, jiko la gesi la kiganjani na sufuria moja huingia kwenye buti la gari dogo na bado pakabaki nafasi ya mabegi mawili. Kambi zile zile zinazopokea magari ya kulalia kwa kawaida hutoza hema pungufu. Kwa watu wawili wenye afya njema, katika majira ya joto na katika nchi yenye kambi za kutosha, sijaona njia iliyo nafuu zaidi ya hii, na mimi huichagua hata pale ninapoweza kulipia chumba. Mtungi wa gesi hauruhusiwi ndani ya ndege, kwa hiyo ununuliwe ukishafika.

Gari la kulalia huanza kuwa na maana ya kifedha kwa familia ya watu wanne au watano. Watu hao wangehitaji vyumba viwili kila usiku, wangekodi gari kubwa kwa vyovyote vile, na watoto wao wangekula mara nyingi kwa siku kiasi kwamba jiko la garini linalipa gharama yake. Kwao, safari ya wiki mbili au zaidi yenye kambi zilizo karibu karibu inaweza kutoka nafuu kuliko njia nyingine yoyote. Vilevile yupo msafiri asiye na ratiba ngumu, ambaye katika nchi kama Australia, New Zealand na Marekani anaweza kupata gari la kulalia kwa malipo madogo sana kwa sababu kampuni inataka gari lihamishwe kutoka mji mmoja hadi mwingine. Masharti yake ni makali: siku ni chache, kilomita zimewekewa kikomo, na siku ya kuondoka huamuliwa na kampuni.

Bima: mahali ambapo safari nafuu hugeuka kuwa ghali

Hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ndipo nilipoumia.

Mtu anapokodi gari, bei anayoiona inaweza kuwa na kinga ndani yake au isiwe nayo, na jambo hilo hutegemea nchi. Katika sehemu kubwa ya Ulaya, bei ya msingi huwa tayari imejumuisha kinga ya ajali na ya wizi, lakini ikiacha kiasi cha kwanza cha hasara kibebwe na mteja mwenyewe, na kiasi hicho mara nyingi huzidi bei yote ya kulikodi gari kwa wiki nzima. Nchini Marekani mgeni huweza kukutana na bei ya msingi isiyo na kinga yoyote ya gari lenyewe, na kinga ya madhara kwa watu wengine ikiwa ile ya chini inayotakiwa na sheria ya jimbo. Kwa hiyo bei mbili zinazofanana kwenye skrini, moja ya Ulaya na nyingine ya Marekani, si bei za kitu kimoja.

Njia ya kwanza ya kujikinga ni kununua kinga kamili pale kaunta. Huondoa au kupunguza kile kiasi cha kwanza, hupunguza dhamana inayozuiwa kwenye kadi, na siku gari linapokwaruzwa mteja hurudisha ufunguo akaondoka. Kasoro yake ni bei, maana hutozwa kwa siku, na katika safari ya wiki mbili inaweza kulingana na bei ya gari lenyewe au kuipita.

Njia ya pili ni kununua bima ya nje, kutoka kwa kampuni ya bima isiyohusiana na wakodishaji, kabla ya kuondoka nyumbani. Gharama yake kwa kawaida ni sehemu ndogo ya ile ya kaunta, na nyingi hulipia hata vile vitu ambavyo kinga ya kaunta huviacha: matairi, rimu, vioo na uvungu wa gari. Lakini utaratibu wake lazima ueleweke vyema. Gari likiharibika, mwenye gari humkata mteja kwanza kutoka kwenye kadi, kisha mteja hudai fedha zake kwa kampuni ya bima akiwa na mkataba, ripoti ya uharibifu, risiti na picha. Anayechagua njia hii anahitaji kadi yenye nafasi ya kubeba dhamana kamili, kwa sababu kaunta haitambui bima hiyo na haitapunguza hata senti.

Njia ya tatu ni kinga inayotolewa na baadhi ya kadi za mkopo. Ni nzuri kwa anayeimudu, lakini huwa na masharti matatu yanayowanasa watu: gari lazima lilipiwe kwa kadi hiyo hiyo, kinga ya kaunta lazima ikataliwe, na aina fulani za magari au nchi fulani huachwa nje. Masharti hayo yasomwe nyumbani kwa utulivu, si kwenye foleni huku karani akisubiri.

Katika safari yangu ya pili sikuwa na lolote kati ya hayo. Nilipokea gari usiku, mvua ikinyesha, nikatia saini fomu ya ukaguzi chini ya taa hafifu ya maegesho. Siku ya kulirudisha, mkaguzi aliinama moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele upande wa abiria, akapitisha kidole gumba juu ya mkwaruzo wa urefu wa kidole kwenye ukingo wa rimu, akaandika. Mpaka leo siwezi kuapa kama niliugusa ukingo wa barabara mahali fulani au niliukuta mkwaruzo ule, na hapo ndipo udhaifu wangu ulipokuwa, kwani sikuwa na picha hata moja. Nililipa fedha zilizotosha kukodi gari lile kwa siku nne zaidi. Tangu hapo hununua bima ya nje, na kabla ya kuwasha injini hulizunguka gari polepole nikirekodi video huku nikisogeza simu karibu na kila rimu, kila kona ya bampa, paa, kioo cha mbele na tairi la akiba, kisha namwomba karani aongeze kwenye fomu kila kasoro niliyoiona.

Nchi yenyewe pia hubadilisha uamuzi. Anayekwenda Namibia, ambako sehemu kubwa ya barabara ni za changarawe, anahitaji kinga ya matairi na vioo kuliko kitu kingine chochote, na asome kwa makini kifungu kinachohusu gari kupinduka lenyewe bila kugongana na jingine, kwa kuwa mikataba mingi hukiacha nje. Iceland ina mambo yake: changarawe inayopasua vioo, mchanga na majivu yanayochubua rangi, upepo unaong'oa mlango ulioshikwa vibaya, na mito ya kuvuka kwenye barabara za milimani ambazo majina yake huanza na herufi F. Kwenye barabara hizo hairuhusiwi gari lisilo la magurudumu manne yanayovuta, na maji yakiingia kwenye injini mtoni, hasara ni ya dereva. Kwa hiyo mwenye bajeti ndogo aliyekodi gari dogo huko na abaki kwenye barabara namba 1, inayokizunguka kisiwa kwa kilomita zaidi ya 1,300.

Kuchukulia wapi, na kuachia wapi

Kaunta za viwanja vya ndege huongeza ada yao juu ya bei, na kituo cha mjini mara nyingi huwa nafuu. Kwa safari ya siku tatu, ada hiyo haistahili kukimbiwa ikiwa kufika mjini kunahitaji teksi. Kwa safari ya wiki mbili inastahili, hasa kama siku ya kwanza na ya mwisho zitatumika mjini, ambako gari halihitajiki na maegesho hulipiwa. Jambo la kuangaliwa ni saa. Siku ya kukodi kwa kawaida huhesabiwa kwa saa 24 tangu ufunguo unapotolewa, hivyo aliyechukua gari saa nne asubuhi na kulirudisha saa nane mchana anaweza kutozwa siku nzima ya ziada.

Uamuzi mzito zaidi ni kati ya kuzunguka na kurudi pale pale, na kuachia gari mji mwingine. Kuachia kwingine ndani ya nchi moja wakati mwingine hutozwa kidogo au hakutozwi kabisa. Kuachia katika nchi nyingine kunaweza kugharimu kuliko gari lenyewe. Hata hivyo, mzunguko nao una gharama yake, kwa sababu nusu ya pili ya njia mara nyingi huwa ni kurudi tu. Mimi hupima hivi: najumlisha mafuta, ada za barabara na malazi ya siku za kurudi, kisha nalinganisha na ada ya kuachia pamoja na tofauti ya nauli ya ndege. Panapokuwa na bahari katikati, hesabu hubadilika tena. Nchini New Zealand baadhi ya kampuni humtaka mteja aache gari Wellington, avuke kwa kivuko bila gari, na apokee jingine Picton, na mpango huo humwondolea nauli ya kuvusha gari.

Anayetaka kuvuka mpaka aseme mapema. Kuchukua gari la kukodi kutoka Afrika Kusini kwenda Namibia au Botswana kunahitaji barua ya idhini ya kampuni, na kwingineko kuvuka bila idhini hufuta bima yote.

Barabara za kulipia dhidi ya barabara za zamani

Ufaransa na Italia hutoza barabara zao kuu nyingi kwa kadiri ya umbali, Uswisi, Austria na Slovenia huuza kibali cha muda, kiwe cha stika au cha kielektroniki, na Ujerumani haitozi magari madogo. Vibali vyenyewe havifanani: Uswisi huuza cha mwaka tu, hata kwa anayepita kwa saa tatu, ilhali Austria ina cha siku moja na Slovenia ina cha wiki. Gari lililokodiwa ndani ya Uswisi huwa tayari na kibali hicho, kwa hiyo mpango uleule wa milima unaweza kutofautiana bei kwa sababu ya upande wa mpaka ambako gari limechukuliwa.

Kukwepa barabara hizo kote ni kubana matumizi kwa namna isiyo na faida. Barabara ya zamani hupita katikati ya kila mji, na safari ya saa nne inaweza kufika saa saba, ikaongeza usiku mmoja wa malazi. Mimi hulipa siku za kuhama kutoka eneo moja hadi jingine, na hutumia barabara za zamani siku za kuzurura, ambazo hata hivyo ndizo zinazonipeleka mahali ninapotaka kusimama.

Hatari kubwa zaidi ya mfuko ni ada zisizo na kizuizi cha barabarani. Mjini Dublin, nchini Ireland, magari yanayopita barabara kuu ya M50 hupigwa picha na kamera, na malipo hutakiwa kabla ya saa mbili usiku wa siku inayofuata. Miji mingi ya Italia, ikiwemo Florence na Roma, ina maeneo ya kale ambayo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi kuingia, na kamera hunasa namba ya gari bila dereva kusimamishwa. London hutoza kuingia katikati ya mji tangu mwaka 2003. Kampuni ya gari hupokea barua ya faini, huitoza kadi ya mteja ada ya kuishughulikia, na faini yenyewe hubaki palepale. Katika miji ya namna hii, kuegesha nje na kuingia kwa treni ni nafuu kuliko kujaribu bahati.

Mambo madogo yenye uamuzi wa haraka

Mafuta: chagua mkataba wa kupokea tangi likiwa limejaa na kulirudisha likiwa limejaa. Mkataba wa kununua tangi zima mapema humfaa tu atakayelirudisha likiwa karibu tupu, na ni wachache wanaoweza kulipanga hilo. Pampu zisomwe kwa alama, si kwa rangi, maana kijani humaanisha dizeli kwenye vituo vingi vya Marekani na petroli kwenye vituo vingi vya Ulaya. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2018, petroli ina alama ya duara na dizeli ya mraba. Kosa la kujaza mafuta yasiyofaa kwa kawaida hakuna kinga inayolibeba.

Gia: gari la gia za mkono ni nafuu Ulaya. Ila dereva aliyezoea upande mmoja wa barabara, anayekwenda kuendesha upande mwingine na gia zikiwa kwenye mkono usiouzoea, namshauri alipie la otomatiki.

Leseni: kibali cha kimataifa cha udereva kipo cha mkataba wa 1949, kinachodumu mwaka 1, na cha 1968, kinachoweza kufika miaka 3. Kinachodumu zaidi si lazima kiwe bora. Japani hukubali kile cha 1949 pekee. Kibali hutolewa katika nchi iliyotoa leseni, hivyo hakiwezi kushughulikiwa baada ya kufika.

Kadi: mashine ikiuliza kama malipo yawe kwa fedha ya nyumbani au ya nchi uliko, chagua ya nchi uliko, kwa kuwa kiwango cha kubadilisha kinachotolewa na mashine kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki.

Kurudisha gari

Hapa pia kuna njia mbili. Kurudisha kituo kikiwa wazi humpa mteja mkaguzi, saini na karatasi inayosema gari limepokelewa bila kasoro mpya. Kudumbukiza ufunguo kwenye sanduku alfajiri huokoa usiku mmoja wa hoteli kwa mwenye ndege ya mapema, lakini gari hubaki chini ya wajibu wake mpaka mtumishi atakapolikagua, hata kama ni saa tano baadaye. Ninapolazimika kutumia sanduku, huegesha chini ya taa, nikapiga picha pande zote nne, kipimo cha mafuta na kilomita zikionekana pamoja kwenye dashibodi, na risiti ya kituo cha mwisho cha mafuta ikiwa imelazwa kando ya usukani. Picha hizo huzihifadhi kwa miezi kadhaa hata baada ya dhamana kuachiliwa, kwa sababu faini za kamera hufika zikiwa zimechelewa sana.